SOMO: SIKU MOJA UFUKWENI NA WENZETU WA KISOMO



Katika somo hili tunakueleza safari ya watu sita waliokwenda kupumzika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Huenda utauliza: kupumzika nako kunahitaji somo? Subiri kidogo. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue mwenyewe.

1. TULIVYOPANGA SAFARI

Sisi ni wenzi wa zamani. Tulijifunza kusoma pamoja chini ya mwembe mmoja, katika kijiji kilicho jirani na Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwezi Agosti 1975 tuliufanya pamoja. Wakati ule tulikuwa vijana. Baadhi ya akina mama walikuja darasani na mtoto mgongoni. Leo sote ni mababu na mabibi. Wengi wa darasa letu wamekwisha kututangulia mbele ya haki, wengine wamehama. Tumebaki sita: wanawake watatu na wanaume watatu.

Aliyeanzisha shauri ni mama mmoja aliyekuwa katibu wa darasa. Mpaka leo tunamwita Katibu. Alisema hivi: "Jamani, siku hizi tunaonana msibani tu. Hebu tuonane mara moja kwa furaha kabla hatujaisha."

Basi tukakubaliana twende ziwani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutia mguu katika Ziwa Tanganyika. Tulichagua kiangazi, wakati tumbaku imekwisha kuuzwa na jembe limepumzika. Kila mmoja alitoa kidogo kidogo. Katibu aliandika yote katika daftari: jina, kiasi, tarehe, na sahihi ya mtoaji. Wote sita tulitia sahihi. Likumbuke jambo hilo la sahihi, maana tutalirudia.

2. NJIA YA WAZEE WETU

Tulipanda treni Tabora, tukasafiri usiku. Ndani ya treni mazungumzo yalikuwa juu ya wazee wetu, kwa sababu safari hii waliifanya kwa miguu.

Zamani Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikafika Tabora, halafu mingine ikaendelea magharibi mpaka Ujiji. Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi Juni 1857. Walifika Tabora mwezi Novemba mwaka huohuo. Ujiji walifika Februari 1858. Hesabu mwenyewe: ni kama miezi minane, pamoja na siku za kupumzika na za kuugua.

Waliobeba mizigo walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Kwenda bara walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi salama alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Lakini tusisahau kwamba njia hiyohiyo ilipitishwa watu waliotekwa na kuuzwa utumwani. Hao hawakwenda kwa kupenda, wala wengi wao hawakurudi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo safari iliyowachukua wazee wiki nyingi, sisi tuliimaliza usiku mmoja tumekaa vitini. Ni kama kilomita 400.

Na ile njia yenyewe ya misafara iko wapi? Sehemu nyingi haionekani tena. Njia isiyopitwa huota nyasi. Baada ya nyasi vinakuja vichaka, na baada ya vichaka miti ya miyombo. Pengine ukiona miembe mikubwa ya zamani imesimama, ndipo unapojua kwamba watu walikuwa wanapita hapa.

3. KIGOMA NA UJIJI

Asubuhi tulishuka Kigoma, mwisho wa reli. Tuliingia katika mgahawa kunywa chai. Bei za vyakula ziliandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Kila mmoja alisoma akaagiza anachotaka. Mwenzetu mmoja, fundi seremala, akasema tu: "Mimi nipe kama alivyochukua huyu." Hatukuona ajabu.

Halafu tukapanda daladala hadi Ujiji. Pale tuliona kumbukumbu ya mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Mwembe wa wakati ule haupo tena. Iliyopo ni miembe ya uzao wake. Tuliposikia kwamba baada ya kukutana watu hao wawili walisafiri pamoja wakafika Kwihara Februari 1872, mwenzetu mmoja akapiga makofi: "Kumbe! Wametoka huku wakaja kwetu!" Ni kweli. Tembe alimokaa Livingstone hata leo lina mahali pake Kwihara, na sisi tunalipita tukienda mnadani bila hata kuligeukia.

4. UFUKWENI

Saa sita tulifika ufukwe mmoja ulio nje ya mji. Una mchanga mzuri, vibanda vya nyasi vya kupumzikia, na kiingilio cha kulipa mlangoni. Ng'ambo, milima ya Kongo ilionekana kwa mbali kama wingu la buluu.

Hapa tuseme kidogo juu ya ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650. Linagusa nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kina chake mahali palipo pa chini kabisa ni karibu mita 1,470. Katika maziwa yote duniani ni moja tu linalolizidi kwa kina, nalo ni Baikal la nchi ya Urusi. Sehemu nyingi za ukingo wake huteremka ghafla. Unapiga hatua mbili maji yako magotini, ya tatu huna mahali pa kukanyaga.

Tulikula migebuka na ugali wa muhogo. Tulicheka sana. Akina mama walikunja khanga wakaingia mpaka magotini, wakarushiana maji kama watoto. Vijana waliokuwa pale wakatuamkia: "Shikamooni babu, shikamooni bibi," nao wakacheka pamoja nasi.

Fundi akasema anakwenda kukaa kwenye mawe, upande ambao hauna kelele. Kando ya mawe hayo palikuwa na kibao. Kibao kilisema: HATARI. MAJI MAREFU. USIINGIE UPANDE HUU.

Fundi alikipita kibao. Alivua viatu, akataka kunawa miguu. Jiwe lilikuwa na utelezi. Tulisikia kishindo, tukageuka, tukaona kichwa tu na mkono mmoja.

Sisi watu wa Tabora tunajua pori, maji hatuyajui. Tulipiga kelele, basi. Mmoja wetu alitaka kuruka majini na yeye hajui kuogelea, tukamshika shati. Kwa bahati nzuri kijana mvuvi alikuwa karibu na mtumbwi wake. Hakuruka. Alisogea, akamnyoshea kasia, akasema kwa sauti kubwa: "Babu, shika! Usiachie!" Fundi akashika. Akavutwa mpaka mchangani, akatapika maji, akakaa. Tukamfunika khanga mbili.

5. FUNDI ALIVYOSEMA

Alipopata nguvu, Katibu alimwuliza kwa upole: "Fundi, kibao hukukiona?"

"Nilikiona."

"Sasa mbona ulipita, ndugu yangu?"

Fundi akanyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Herufi nilizijua moja moja. Lakini hazikushikana. Nilipofika mwisho wa neno, mwanzo wake nilikuwa nimekwisha kuusahau. Nikaona aibu kusimama pale kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikapita."

Mwenzetu mmoja akacheka: "Fundi wee! Na ile sahihi yako nzuri kwenye daftari?"

"Mkono unakumbuka sahihi," Fundi akajibu. "Kusoma kumeniacha siku nyingi. Mke wangu ndiye aliyekuwa ananisomea, naye amekwisha fariki."

Tukanyamaza wote. Hapo mama mmoja akasema: "Basi na mimi niseme. Meseji za simu nasomewa na mjukuu. Akiniambia, bibi, imeingia elfu hamsini, mimi nasema haya. Kama ni hamsini au themanini, sijui."

Na yule aliyecheka naye akakiri kwamba hajashika kitabu kwa miaka mingi. Katibu akatupima pale pale kwa kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Matokeo yake ni haya: kati ya sita, watatu tu ndio waliosoma sawasawa. Watatu kati ya sita! Na vyeti vyote tunavyo, vimefungwa vizuri ndani ya masanduku.

6. MAMBO TULIYOJIFUNZA

(a) Kisomo kisipotumiwa hupotea. Hili si la darasa letu tu. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma Tanzania walikuwa zaidi ya 60 katika kila 100. Taifa lilifanya kazi kubwa, na kufika mwaka 1986 walikuwa wamebaki pungufu ya 10 katika kila 100. Lakini madarasa mengi yalilegea, vitabu na magazeti ya vijijini yakaadimika. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta tena zaidi ya 20 katika kila 100. Baadhi ni vijana ambao hawakupata shule. Lakini wamo pia watu kama Fundi. Ni kama ile njia ya misafara: ilipokosa wapitaji, ikaota nyasi.

(b) Kusahau si aibu. Kuficha ndiko kunakoleta hatari. Fundi hakuangushwa na jiwe tu, aliangushwa na aibu. Angesema, "Katibu, kile kibao kinasemaje?" asingeingia majini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

(c) Aliyesahau hurudi upesi kuliko anayeanza. Jioni ile Katibu aliandika mchangani kwa kijiti: HA-TA-RI. Fundi akasoma. Wimbi likafuta, Katibu akaandika neno jingine. Tulipokuwa tunarudi mjini, Fundi alikuwa anasoma vibao vya maduka, polepole, kwa sauti. Hakusoma kama zamani, lakini alisoma.

(d) Pima macho kwanza. Baada ya miaka 40 hivi, macho ya watu wengi huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Mmoja kati ya wale watatu walioshindwa, tulipompa gazeti akalishika mbali kidogo, alianza kusoma. Kumbe hakusahau, alihitaji miwani! Jaribu hivyo nyumbani, kisha nenda hospitali ukapimwe.

(e) Mtu akizama, usiruke majini kama hukufundishwa kuokoa. Anayezama hushika chochote kwa nguvu, naye atakuzamisha. Piga kelele kuita watu. Mnyoshee fimbo, kasia au kamba. Mtupie dumu tupu lililofungwa kizibo, maana litamwelesha.

7. TUNAVYOENDELEA SASA

Tulilala Ujiji kwa binti wa mmoja wetu, na kesho yake tukaanza safari ya kurudi. Njiani tulipeana zamu ya kusoma majina ya vituo: Uvinza, Kaliua, Urambo. Fundi alishikwa kidogo na Uvinza, kisha akalipata.

Siku hizi tunakutana kila Jumapili saa kumi, chini ya mwembe uleule. Kila mtu huja na kitu cha kusoma kutoka nyumbani kwake: stakabadhi ya tumbaku, karatasi ya dawa, meseji ya simu, barua. Tunasoma kwa zamu, nusu saa tu. Yule mama wa meseji sasa husoma mwenyewe kwanza, ndipo humpa mjukuu asome, halafu hulinganisha. Mjukuu hapendi sana. Bibi anapenda.

Na daftari la michango tumelifungua upya. Kiangazi kijacho tunataka kurudi ziwani. Fundi amesema kibao kile atakisoma yeye, sisi tusimame nyuma tusikilize.

MASWALI YA KUJADILI

1. Fundi alitia sahihi vizuri lakini hakuweza kusoma. Je, sahihi peke yake inaonyesha kwamba mtu anajua kusoma? Toeni mifano.
2. Katika kijiji chenu, ni vibao au karatasi gani ambazo mtu asipozisoma anaweza kupata hasara au kuumia?
3. Kwa nini Fundi aliona aibu kuuliza? Mngemsaidia namna gani bila kumwaibisha?
4. Katibu alimpima kila mmoja kwa kipande cha gazeti. Fanyeni hivyo kwenu. Ni wangapi wanasoma sawasawa, wangapi wamesahau, na wangapi wanahitaji miwani?
5. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30. Msafara wa wapagazi 120 ulibeba kilo ngapi? Andikeni hesabu yenu ubaoni.