SOMO: UZEE SI UCHAWI, WALA SI UGONJWA



Katika kila kijiji wapo wazee. Mmoja ana miaka 80, naye angali analima kishamba chake nyuma ya nyumba na kuwasimulia watoto habari za zamani. Mwingine hajatimiza miaka 65, naye analala mchana kutwa, wala hataki kusema na mtu. Tofauti hiyo yatoka wapi? Wengi hujibu: «Ndivyo alivyozaliwa», ao tena: «Amerogwa.» Leo tutafute jibu lililo la kweli.

I. MWILI UNAZEEKA NAMNA GANI?

Nguvu za mwili hupungua pole pole. Nyama zinakonda, mifupa inakuwa myepesi kuvunjika, mishipa ya damu inakuwa migumu, macho na masikio yanafifia. Hayo ni ya kawaida, kama vile jani la mgomba linavyokauka. Lakini upofu, kupooza na kupotewa na akili si uzee tu. Hayo ni magonjwa: yana majina yake, na mengine yana dawa. Basi, anayesema «ni uzee tu», kisha akamwacha mzazi wake pasipo msaada, anakosa.

II. KUUTUNZA MWILI

1. Kazi. Mwili usiotumika hudhoofika upesi. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lashauri watu wazima, na wazee pia, watembee ao wafanye kazi ya kiasi kwa dakika 150 kwa juma angalau. Ndiyo kusema nusu saa kila siku, kwa siku tano. Kwenda shamba, kupalilia maharagi, kufagia kiwanja: yote yanahesabiwa. Lakini kumbebesha mama mzee mzigo wa kuni unaomvunja mgongo si kumtunza, ni kumtesa.

2. Chakula. Ugali wa muhogo peke yake unashibisha, lakini haujengi nyama. Mzee apate pia maharagi, ndakala ao karanga, pamoja na sombe, lengalenga na matunda. Aliyekosa meno apondewe chakula, asinyimwe. Chumvi isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, kwa maana chumvi nyingi hupandisha nguvu ya damu. Tena mzee hasikii kiu kama kijana: apewe maji mara kwa mara, hata asipoomba.

3. Pombe na tumbako. Lutuku na tumbako huharibu moyo, mishipa na ubongo. Anayeacha tumbako hata katika uzee anapata faida.

4. Kupimwa. Damu yenye nguvu mno haina maumivu, lakini huleta kupooza kwa ghafula. Mganga akikuta 140 juu ya 90 ao zaidi, siku mbalimbali, mtu huyo anahitaji kutunzwa. Na yule anayeona kama kupitia moshi, pengine ana mtoto wa jicho. Mganga wa macho anaweza kukiondoa kioo cha jicho kilichochafuka na kutia kingine, naye mzee ataona tena.

III. KUITUNZA AKILI

Akili nayo inataka kazi na rafiki. Mzee anayeketi na wenzake, anayefundisha wajukuu kusuka vikapu, anayeulizwa shauri, akili yake inazidi kukaa macho. Anayefungiwa peke yake chumbani hufifia kama taa isiyo na mafuta.

Mwaka 1906 mganga mmoja wa Udachi, jina lake Alois Alzheimer, alichunguza ubongo wa mwanamke aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu kabla ya kufa. Akaona kwamba ubongo wenyewe umeharibika. Tangu hapo waganga wamejifunza mengi. Mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na gazeti la waganga The Lancet walisema kwamba karibu nusu ya magonjwa ya namna hiyo (45 kwa mia) yangeweza kuzuiwa ao kucheleweshwa. Walitaja kati ya sababu zake: kutosikia, kutoona, nguvu ya damu, tumbako, pombe nyingi, kukaa bila kazi na kukaa peke yake.

IV. KOSA LILILO KUBWA

Tufikiri mfano huu. Mama mmoja mjane anatoka nje usiku, anapotea njia, anasema na watu wasioonekana, anamwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyekufa. Siku chache baadaye mtoto wa jirani anakufa kwa malaria. Watu wanasema: «Tulimwona akitembea usiku. Ni mchawi.» Katika nchi yetu, hata huku Kivu, wazee wamefukuzwa, wamepigwa, hata wameuawa kwa maneno ya namna hiyo.

Lakini mama huyo alikuwa mgonjwa wa ubongo. Wala hakuwa na hatia. Malaria huletwa na mbu. Kumshitaki mtu asiye na kosa ni kushuhudia uongo. Na amri ya kuheshimu wazazi haikomi siku wanapoanza kusahau.

Mzee akisahau pole pole, msikemee. Mwongozeni, fungeni mlango usiku, mwiteni kwa jina lake. Akichanganyikiwa kwa ghafula, kwa siku moja ao mbili, mpelekeni upesi kwenye kituo cha afya: pengine ni malaria, ao ugonjwa wa mkojo, ao upungufu wa maji, nayo hutibiwa.

MAULIZO

Je, kusahau jina mara moja moja ni ugonjwa? — Hapana. Ni ugonjwa mtu akipotea njia ya nyumbani kwake, ao asipotambua jamaa zake.

Nani anapaswa kujitunza kwa ajili ya uzee? — Kijana pia, kwani mishipa ya mzee imeharibika tangu ujana.

Tufanye nini juma hili? — Kila mmoja amtembelee mzee mmoja anayekaa peke yake, amchotee maji, amwombe amsimulie habari moja ya zamani, na kumsikiliza mpaka mwisho.