Dizeli haiwaki baada ya kubadilishwa filta

Swali: Hilux yangu yenye injini ya 3L ilibadilishwa filta na mpira wa mafuta. Sasa stata inazungusha vizuri lakini gari haliwaki. Pampu imekufa?

Jibu: Usikubali pampu ifunguliwe kwanza. Mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Ikibaki laini, kuna mahali panavuta hewa: kagua klipu za mpira na oringi ya filta.

Ikishakuwa ngumu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata kwa sekunde 10, kisha uipumzishe. Yatatoka mapovu, dizeli ikitoka safi, kaza nati. Isipotoka kabisa, fungua swichi usikilize solenoidi ya pampu: lazima igonge “tik”. Ikiwa kimya, pima umeme wa waya wake.

Tahadhari: kwenye injini za D-4D usilegeze kamwe mabomba ya nozeli wakati injini inazungushwa. Presha yake hupenyeza dizeli chini ya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali.