Dondoo Muhimu: Samaki wa moshi juu ya tosti kwa wageni wako

Sato au sangara wa moshi kutoka Ziwa Viktoria hufungua hamu ya kula vizuri sana.

• Chagua samaki mkavu, mwenye harufu safi ya moshi, asiye na ukungu wala wadudu.

• Safisha kwa maji ya moto, mpike kwa mvuke dakika 10, kisha toa ngozi na uchambue minofu kwa vidole ili mwiba usimfikie mgeni.

• Changanya gramu 250 za minofu na vijiko 3 vya mayonesi, maji ya ndimu, kitunguu kilichokatwa vipande vidogo na pilipili manga. Onja kabla ya kutia chumvi. Huenda samaki anayo tayari.

• Choma slesi za mkate wa jana zilizokatwa pembe nne na kupakwa siagi. Siagi huzuia mkate kulowa haraka.

• Pakaza mchanganyiko juu ya tosti dakika chache tu kabla ya kuandaa mezani, upambe kwa giligilani. Vipande 4 kwa kila mgeni vinatosha.

• Hifadhi mchanganyiko kwenye friji. Uliokaa mezani zaidi ya saa 2 usiurudishe. Penye joto kali, saa 1 ndiyo mwisho.