SOMO: MWENYE KIWANJA, MWENYE JENGO NA MWENYE DUKA

Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kupima mkataba wa ujenzi wa maduka kabla ya kuutia sahihi.

Vyama kadhaa vya msingi nchini vina viwanja na maghala yaliyopatikana kwa jasho la wakulima. Miji kama Musoma na Bunda inapokua, viwanja vya namna hiyo hupanda thamani, na chama chaweza kujiwa na mtu mwenye fedha akisema: "Nipeni kiwanja, nitajenga fremu za maduka, nanyi mtapata fungu lenu." Neno hilo ni tamu, lakini lina mambo matatu ndani yake.

1. Watu watatu, haki tatu

Mfano mkubwa uko Dar es Salaam. Jengo la maduka la Mlimani City, lililofunguliwa mwaka 2006, limesimama juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwendeshaji wake ni Mlimani Holdings, ambayo leo iko chini ya Turnstar Holdings ya Botswana. Hiyo ni kampuni ya majengo. Inamiliki pia jengo la maduka la Game City mjini Gaborone. Kampuni hiyo haiuzi sukari wala sabuni. Huuza nafasi, na mapato yake ni pango.

Basi pana mwenye ardhi, mwenye jengo na mwenye duka. Katika mwaka 2014 kampuni ya Shoprite ya Afrika ya Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania, likiwemo la Mlimani City, kwa Nakumatt ya Kenya. Haukupita muda mrefu Nakumatt nayo ikaelemewa na madeni na kufunga milango. Wauzaji walikwenda, jengo likabaki, wapangaji wengine wakaingia. Hasara ya biashara humwangukia kwanza mwenye duka. Mwenye jengo hubaki na mali yake.

2. Asilimia ya kitu gani?

Mkataba wa Mlimani City umehojiwa katika taarifa za ukaguzi wa hesabu za Serikali, na hoja mojawapo ilikuwa namna ya kukokotoa asilimia 10 ya mapato anayostahili mwenye ardhi. Ikiwa taasisi yenye wasomi na wanasheria imeingia katika hoja hiyo, chama cha msingi hakina budi kuwa macho zaidi.

Tuseme chama kimetoa kiwanja, na fremu zilizojengwa zinaleta pango la shilingi 48,000,000 kwa mwaka. Mkataba unasema chama kitapata asilimia 10.

Kama ni asilimia 10 ya mapato yote kabla ya kutoa gharama, chama kitapata shilingi 4,800,000.

Kama ni ya mapato yanayobaki baada ya gharama, na mjenzi akaandika gharama za shilingi 36,000,000, masalio ni shilingi 12,000,000, na fungu la chama ni shilingi 1,200,000 tu.

Tofauti ya shilingi 3,600,000 kila mwaka imeletwa na maneno machache. Aidha, katika njia ya pili anayeandika gharama ni yule yule anayelipa. Chama kikiikubali, sharti kipewe haki ya kukagua vitabu vyake.

3. Muda na kumbukumbu

Mkataba wa miaka 30 utamkuta mwanachama wa leo akiwa mzee, na katibu wa leo akiwa amekwisha ondoka. Kitakachosema kwa niaba yao ni karatasi. Historia yetu inashuhudia. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mali zake zikagawanywa kwa mamlaka za mazao na mashirika mengine. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, baadaye alikiri hadharani kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha, chama kisichokuwa na hati kilikuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha lililokuwa lake.

Kwa hiyo, kabla ya sahihi:

(a) Hati ya kiwanja iwe kwa jina la chama, na kiwanja kiandikwe katika daftari la mali.

(b) Mkataba usomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu, na uamuzi uandikwe katika muhtasari.

(c) Ushauri wa Mrajis na wa mwanasheria utafutwe mapema, si baada ya ugomvi.

(d) Mkataba utaje jengo litakuwa la nani muda ukiisha, na kama mjenzi aweza kuweka rehani au kuuza haki yake bila idhini ya chama.

Bodi ina dhamana tu. Mwenye mali ni mwanachama.

Maswali ya majadiliano

1. Hati ya kiwanja cha chama chenu iko wapi, na nani ameiona mwaka huu?

2. Fremu zenu zikikaa tupu miezi sita, mkataba unasema nani atabeba hasara?

3. Je, ni heri chama kijenge fremu mbili kwa akiba yake, au fremu ishirini kwa fedha za mwingine? Toeni sababu.