Macho ya Mganga

Mtoto anayejifunza kupanda baiskeli hutazama gurudumu la mbele. Anaogopa lisije likapinda. Kumbe kwa kulitazama sana haoni jiwe lililo njiani, na mara anaanguka. Kaka yake aliyezoea halitazami hata kidogo. Anatazama njia, na mikono yake inajua kazi.

Mganga wa hospitali anayepasua wagonjwa ni vivyo hivyo. Huko Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, na vijana husomea uganga humo. Kijana akishika mara ya kwanza sindano ya kushonea kidonda, macho yake hukimbia huku na huku: kwenye sindano, kwenye kidonda, tena kwenye sindano. Mganga hodari hukaza macho pale sindano itakapoingia, na mkono huifikisha. Wala si mchezo, maana mshipa ukikatika, damu haimngoji mtu anayetafuta chombo chake kwa macho.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Kanada waliwapa waganga hodari na wanafunzi kazi moja, waifanye kwa vyombo virefu mbele ya kioo kama cha televisheni, bila mgonjwa. Mashine ilifuata mwendo wa macho yao. Wanafunzi walitazama mara nyingi chombo walichoshika. Waganga hodari walitazama kile walichotaka kukigusa. Mwaka 2011, huko Uingereza, wanafunzi walifundishwa mahali pa kutazama, nao wakajifunza upesi kuliko wenzao wasiofundishwa hivyo.

Lakini mikono iliyozoea ina hatari yake. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa karibu na Beni, ukaenea mpaka Butembo. Ulipokwisha, mwezi wa Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Waganga na wauguzi walivaa nguo za kufunika mwili wote. Hatari kubwa ilikuwa wakati wa kuzivua. Mtu amechoka, miwani imejaa ukungu wa jasho, na shingo yake mwenyewe haioni. Mkono uliozoea kupangusa jasho hupanda usoni bila kuulizwa. Kwa hiyo haikuwa ruhusa kuvua peke yako. Mwenzake alisimama mbali kidogo, akitazama mikono yake na kumtajia kila hatua: nawa kwa maji ya klori, vua aproni, nawa tena. Mkono ukianza kupanda usoni, mwenzake alipaza sauti: «Simama!»

Maulizo. Kwa nini mtoto alianguka? Mganga hodari hutazama wapi anaposhona? Ni nani aliyeona shingo ya muuguzi, na kwa nini yeye mwenyewe hakuweza?