Mikoko, Bamvua na Ratiba ya Shule: Mazungumzo Kuhusu Mafunzo ya Huduma kwa Jamii

MWALIMU: Mzee, mfumo wa mtaala wa umilisi uliotolewa nchini Kenya mwaka 2017 uliyapa nafasi mafunzo ya huduma kwa jamii, na katika sekondari pevu yamewekwa miongoni mwa masomo ya lazima. Hata hivyo, wapo walimu wanaoliona somo hili kuwa ni jina jipya la kufagia soko na kupeleka sabuni kwa mayatima. Je, wanakosea?

MZEE: Wanakosea, mwanangu, ingawa kosa lao lina asili yake. Kufagia soko ni huduma, na huduma ni jambo jema, lakini haitoshi kuitwa mafunzo. Mafunzo ya huduma kwa jamii ni utaratibu wa kusoma ambamo mwanafunzi huyatumia maarifa ya darasani kushughulikia haja iliyotajwa na wanajamii wenyewe, kisha akarudi darasani kuyapima maarifa hayo kwa yale aliyoyakuta huko. Sehemu hii ya mwisho, ambayo wataalamu wa elimu huiita tafakuri, yaani kuyarejea matendo kwa kuyauliza, kuyaandika na kuyajadili, ndiyo inayoachwa mara nyingi kwa sababu kengele imeshalia. Mwanafunzi aliyefagia soko bila kuuliza taka zile zinatoka wapi, ni kazi ya nani kuzizoa na kwa nini zimelala pale wiki nzima, amefanya kibarua kisicho na ujira.

MWALIMU: Wazazi nao hunung'unika kwamba mtoto amepelekwa shule kusoma, si kushika jembe.

MZEE: Manung'uniko hayo yana historia, na mwalimu asiyeijua ataishia kuwalaumu wazazi bure. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, afya na ufundi wa kijijini, kwa kufuata mfano wa shule za Wamarekani weusi kusini mwa Marekani, na mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete ili kuwaandaa walimu wa mkondo huo. Wazazi wengi walitambua kwamba mtoto wa mzungu alifunguliwa njia ya vitabu na wa kwao akaelekezwa shambani, na katika hilo hawakukosea. Hata Tanzania, ambako Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, kwa nia iliyo kinyume kabisa na ile ya mkoloni, shamba la shule mahali pengi liligeuka kuwa adhabu ya wachelewaji, huku rutuba ya udongo ikifundishwa ubaoni bila kulitaja shamba lililo nje ya dirisha. Waraka wenyewe ulikuwa umetaka wanafunzi washirikishwe katika kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato yake, na hilo ndilo lililosahauliwa mapema kuliko yote.

MWALIMU: Je, haifai basi kuhesabu saa za huduma tu, kila mwanafunzi atimize idadi fulani?

MZEE: Jimbo la Maryland nchini Marekani hufanya hivyo; liliweka sharti hilo mwaka 1992, na kiwango chake ni saa 75 kabla ya kuhitimu. Faida yake ni kwamba hakuna mwanafunzi anayeachwa nje. Lakini hesabu ya saa humwambia mwalimu muda uliopita, haimwambii kilichoeleweka.

MWALIMU: Mzee na atoe mfano wa hapa pwani.

MZEE: Mfano upo Gazi, kaunti ya Kwale, ambako tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewakaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na sehemu ya mapato imekwenda katika maji na katika shule. Hapo jamii ndiyo iliyotangulia kuifaa shule, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba ubia, yaani ushirikiano ambao kila upande huchangia na kunufaika, ni shule kuwagawia maskini hisani.

Sasa achukuliwe mwalimu wa biolojia anayetaka wanafunzi wake wapande mikoko ufukweni. Mche wa mkoko huota ukiwa bado juu ya mti mama, ukaning'inia mrefu na wa kijani, ncha chini, mpaka udondoke. Kwa hiyo kuupanda ni kuuchomeka topeni tu, na mtoto yeyote anaweza. Urahisi huo ndio mtego wenyewe. Darasa huchomeka mamia ya miche mahali peupe penye kuonekana vizuri pichani, mbele kabisa kwenye mawimbi, na baada ya bamvua, yaani maji makuu ya bahari, mbili tatu hausimami hata mmoja. Mvuvi mzee angeulizwa angesema kwamba upande ule wa bahari ni wa mti uitwao mlilana, mkoko wenyewe hukaa nyuma yake, na mti wa mkandaa nyuma zaidi kuelekea nchi kavu. Kitabu kinaueleza mpangilio huo kama kanda za mimea, kulingana na kina cha maji, chumvi na tope. Mvuvi anaujua kwa miguu yake. Wanafunzi wakirudi kuihesabu miche iliyokufa, wakaandika ilipandwa wapi na maji yalifika wapi, hapo wamesoma biolojia na hesabu, na wamemsikiliza mtu ambaye pengine hakumaliza darasa la nne.

MWALIMU: Na wanakijiji wakikataa?

MZEE: Wana haki ya kukataa, na mwalimu aieleze haki hiyo darasani waziwazi, maana huenda mahali pale ni pa kuanikia nyavu, ni njia ya akina mama wanaofuata chaza, au pameshachoshwa na wageni wa siku moja. Jibu la hapana liandikwe daftarini pamoja na sababu zake, kwani ni matokeo ya utafiti kama matokeo mengine.

MWALIMU: Mkutano wa kwanza na wanakijiji uwekwe lini?

MZEE: Siku na saa vitajwe na wao. Maji ya bahari hujaa na kupwa yakichelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na wavuvi huyafuata yanavyokwenda. Ratiba ya shule imebandikwa ukutani na haisogei. Mwalimu mkuu aombwe mapema aisogeze.