SOMO: TUCHAGUE VYEMA VYOMBO VYA KUTIA POMBE KATIKA CHUPA



Huko Burundi na Rwanda pombe ya ndizi, yaani urwarwa au urwagwa, hupikwa nyumbani na kunywewa katika harusi na mikutano ya jirani. Wengi wetu huitia katika chupa za bia zilizokwisha kutumika. Leo tujifunze kuchagua vyombo vya kazi hiyo. Chupa ikipasuka yaweza kumtoa mtu jicho, na fidia ya ajali kazini haihusu ajali ya nyumbani.

Kwa nini chupa hupasuka? Hamira hula sukari, hutoa kileo na gesi. Katika mtungi gesi hutoka. Katika chupa iliyofungwa haina njia, ndipo kioo hushindwa.

1. Haidromita. Hiki ndicho chombo cha kwanza kununua, kabla ya mashine ya vizibo. Pima pombe iliyochujwa. Kipimo kisipobadilika kwa siku tatu mfululizo, uchachu umekwisha. Asiye na kipimo asifunge chupa. Anywe pombe yake kutoka mtungini.

2. Chupa. Tuchague chupa nzito za bia, rangi ya kahawia, zisizo na ufa wala pengo mdomoni. Chupa nyembamba za mvinyo au mafuta hazifai. Vyombo vya dawa za shamba tusivitumie kamwe, hata vikioshwa mara kumi: sumu haiishi kwa maji na sabuni.

3. Vizibo. Chupa nyingi za bia huchukua kizibo cha milimita 26, nyingine 29. Pima kabla ya kununua. Kizibo kilichokwisha kufunguliwa hakifungi tena barabara.

4. Mashine ya kufungia. Ile ya kupigwa nyundo ni rahisi, lakini huvunja shingo za chupa. Ile ya mikono miwili yatosha nyumba moja. Ile ya kusimama mezani ni ghali, ila ni imara. Wanachama kumi wakichanga wataimudu.

5. Mpira safi wa kunyonyea, ili pombe iingie taratibu na machicha yabaki chini. Acha nafasi ya vidole viwili juu.

Anayetaka povu aongeze sukari gramu 6 kwa lita, isizidi, iliyoyeyushwa katika maji yaliyochemka. Kila mara tujaze pia chupa moja ya plastiki ya soda. Ikiwa ngumu kama jiwe, gesi ni nyingi: chupa za kioo zisiguswe kwa mikono mitupu, zifunikwe gunia zito, na watoto wawe mbali.

Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini haidromita itangulie mashine?
(b) Katika tawi letu, ni nani walio tayari kuchangia mashine moja?